Saa ya Sebuleni

Kazini, saa ilimpima Tunu anachukua muda gani kukagua na kupitisha programu za wenzake. Mwaka huu wakubwa wakatundika nyingine kama hiyo sebuleni kwake. Ombi likitolewa, inahesabu. Jibu likikawia, inawaka taa nyekundu.

Mumewe, Kombo, aliwashiwa nyekundu mara tatu. "Heri kujikwaa dole kuliko ulimi," alikuwa akisema. Wakaja kumchukua, eti anachelewesha nyumba.

Tangu hapo, Tunu hujibu ndiyo upesi.

Leo alikuwa jikoni akikaanga samaki, binti yake akaita kutoka mlangoni: "Mama, huyu mjomba simjui, anasema atanipeleka kwa baba. Niende?"

"Ndiyo!"

Saa ikawaka kijani. Tunu alipotupa mwiko na kukimbia, mlango ulishafungwa.