Mguu wa Mshamu

Gonjwa lilipoingia mjini, hospitali iliwafungia lango jamaa wote wa wagonjwa. Somoe alibaki nje na simu mkononi, akisubiri nesi ampigie kwa video amwone mumewe Mshamu, aliyelazwa chumba cha mahututi.

Picha ilipofunguka, alimwona mtu aliyevimba uso, mpira mdomoni, kidevu kimenyolewa.

"Huyo si wangu," alisema. "Wangu ana ndevu."

"Tulimnyoa, mama, ili mpira wa kupumulia ukae sawa."

Somoe hakusadiki. Pale langoni watu walinong'ona kwamba waliokufa wanafichwa, na jamaa wanaonyeshwa mgonjwa mwingine.

"Nionyeshe mguu wa kushoto."

Nesi akafunua shuka. Kidole cha mwisho kilikuwa kimempanda mwenziwe, kama alivyozaliwa Mshamu. Somoe akashusha pumzi, kisha macho yakamtoka tena. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri, na Mshamu hakuwahi kukubali mtu amguse miguu, hata yeye mkewe.

"Nani kamkata kucha?"

"Mimi. Zilikuwa zinanasa kwenye shuka."

"Na yeye akakubali?"

"Hakukataa, mama."

Mkono wenye glavu ulikuwa bado umeushika ule mguu.

"Mfunike, mwanangu," Somoe alisema. "Baridi humwanzia miguuni."

Shuka likarudi, lakini mkono haukutoka. Somoe aliisogeza simu karibu na uso, akatazama shuka likipanda na kushuka pale nesi alipokuwa akiusugua mguu wa mumewe.