Sauti ya Mama

Sheria ni hii: kila wimbo hubaki na sauti moja, iliyo bora. Kila rekodi mpya, hata ya nyumbani, hulinganishwa moja kwa moja kwenye hifadhi ya nyimbo, na inayoshindwa hufutwa. Wimbo wa harusi wa mtaani kwetu ulibaki na sauti ya mama, aliyeurekodi kabla ugonjwa wa koo haujamnyamazisha.

Dada yangu Sikudhani hupenda kujirekodi chumbani, amejifunika blanketi. Wimbo huu aliupenda kuliko zote, kwa hiyo aliuimba vibaya makusudi.

"Mbuzi wewe!" nikamcheka.

"Koma! Nikiimba vizuri, mama anafutwa."

Lakini alisahau kuzima programu ya kunyoosha sauti. Ikanyoosha kila kosa.

Asubuhi mama alifungulia wimbo wake. Aliyesikika akiimba ni Sikudhani. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akampigia makofi.