Kitabu cha Nyuki

“Ukibonyeza hapo, dada, kesho usije kazini,” mkuu wa maktaba aliniambia, kidole chake kikiwa kimeziba nusu ya skrini yangu.

Lilikuwa ombi la mfugaji wa nyuki wa mji wa mbali, aliyetaka kuazima kitabu cha ufugaji wa nyuki. Tangu maktaba zetu ziunganishe katalogi zao mtandaoni, yeyote anayetafuta kitabu kwa simu anaona kiko wapi. Yeye alikiona kwetu. Kwingine kote hakuna.

“Leo unampa huyu, kesho dunia nzima itatujua na kutumalizia vitabu,” mkuu alifoka. “Na kikipotea je?”

Nikaenda kwenye rafu, nikakipuliza vumbi, nikakibwaga mezani mbele yake. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana pembeni, kama zilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyewahi kukisoma.

“Kimeshapotea, mkuu. Tena humu humu ndani, mbele ya macho yetu.”

Akafura kwa hasira. Nikachukua kisu cha kufungulia bahasha, nikaanza kuzitenganisha zile kurasa taratibu, moja baada ya nyingine. Unga wa karatasi ukamwangukia kwenye mkono wa koti. Hakujipangusa.

“Nimesema usibonyeze!”

Nikabonyeza “Kubali”. Nikakifunga kitabu kwa karatasi ngumu, nikakitia kwenye mkoba wangu, nikazima kompyuta.

“Kesho nitachelewa kidogo, mkuu,” nikamwambia nikiwa mlangoni. “Nitapitia posta kwanza.”