Yvette na Mpira wa Mfadhili

“Mama Yvette, hiyo si mchi ya sombe!” mafundi wakamzomea, na yeye akazidi kulikamata rungu la besiboli kama mchi wa kutwangia majani ya muhogo.

Uwanja mpya wa besiboli wa katikati ya Durban ulikuwa umefika nusu, pesa zikakata. Mfadhili, mzee wa shati la maua, alisema wazi: akipatikana hapa hata mtu mmoja wa kuupiga kwa rungu mpira atakaorusha yeye, atamalizia majukwaa. Asipopatikana, kazi inafungwa leo leo.

Fundi wa kulehemu alikuwa ameupokea kwa kifua, kisoka kabisa, na sasa alikuwa amelala mchangani akihema. Dereva wa kreni aliukimbia. Akabaki Yvette, aliyekuja kuwauzia chakula tu.

“Eish, tumekwisha,” akanung'unika mmoja.

“Nyamaza, papa. Kama iko mwanaume mwingine, aje apige yeye,” Yvette akamjibu.

Mzee akarusha. Yvette akauona mpira mweupe unakuja, uzi wake mwekundu ukizunguka kwa kasi. Akakaza viganja vilivyonuka sombe, akazungusha.

Pa!

Mpira ukapita juu ya kreni, ukaendelea kupanda. Wote wakamgeukia mfadhili.

“Leteni ramani ya majukwaa,” mzee akasema, macho bado angani.