Pipa la Daktari

Gololi, ambayo ndiyo kura ya nchi hii, ilidondokea ndani ya pipa la bati lenye picha yake, kengele ikalia mara moja, na Daktari Dembo akawa amejipigia kura.

Angetoka tu kwenye chumba cha kura. Lakini mkono una mazoea yake. Alilaza kidole cha kushoto juu ya bati, akakigonga kwa kidole cha kulia, kama alivyogonga vifua vya wagonjwa wa kijiji hiki miaka yote.

Pipa likaitika kwa mlio mwembamba wa kitu kitupu.

Aligonga la pili, pipa la mpinzani wake, mtu wa mjini asiyeijua hata njia ya kisimani. Likatoa sauti nzito, ya kifua kilichojaa maji. Akarudi kwenye lake. Tupu! Na tangu asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimepita humu kikiimba jina lake.

"Daktari, umelala humo?" msimamizi aliita nyuma ya pazia.

Alitoka. Wanawake walimpokea kwa vigelegele, na bibi mmoja, mgonjwa wake wa pumu, akamshika mkono.

"Mbona baridi hivi, mwanangu?"

"Mama," aliuliza, "kura yako umempa nani?"

Bibi alimtazama usoni bila haya.

"Nikupe wewe, uende zako bungeni Banjul? Halafu hiki kifua anigongee nani?"