Mkono wa Kusalia

Tangu hospitali zianze kuwavika wagonjwa wa kiharusi kofia ya umeme, mikono mingi iliyokufa ilifufuka. Kofia iliunganisha sehemu ya ubongo inayohisi na ile inayosogeza viungo, hivyo mkono ukiguswa, ulishika.

Kila jioni kabla ya kula, Subilaga na mumewe Ambakisye walishikana mikono wakasali. Zamani, Subilaga alimbinya kidogo kwenye “Amina,” na mzee akajibu kwa kumbinya mara mbili. Kisha kiharusi kikaupooza mkono wa mzee. Sasa alivaa kofia, na mkono ule ulijibu tena vilevile, hata Subilaga akaingiwa na shaka.

“Baba Lusajo, ni wewe unayenibinya?”

“Nani mwingine, mama? Unaionea kofia wivu?” Mzee alicheka.

Jioni hiyo, mzee alipofumba macho, Subilaga alimshikisha mpini wa mwiko badala ya mkono wake. Alisali, kisha akaukandamiza mpini kidogo kiganjani.

“Amina.”

Vidole viliubinya mara mbili, kwa upole uleule.

“Mbona umekonda vidole, mama Lusajo?” mzee aliuliza, macho bado kayafumba. “Unakula kweli?”

Subilaga aliutazama mkono wake uliobaki mtupu mezani, asijue tena aombe nini.