Herufi Nane za Mwalimu

Herufi zilikuwa nane, zilezile za jana na juzi: A, E, E, H, I, M, N, S. Zilikuwa zimerundikana kwenye kona ya meza, mbele ya mzee, naye mzee alimkazia binti yake macho kama msimamizi wa mtihani.

"Shikamoo, Baba," binti alisema akivuta kiti. "Leo tena?"

Mzee alimsogezea herufi. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya ulimi na mkono wa kulia, kikamwachia wa kushoto na lile sanduku lake la vibao vya herufi. Huo ndio mchezo aliowalea nao wanawe. Anamwaga herufi mezani, nawe unatafuta neno la Kiingereza lililomo ndani yake. Ukiteleza ukatamka neno la Kiswahili, unainuka mezani na unalala na njaa. Miaka thelathini alifundisha Kiingereza shuleni, na akifika nyumbani hakujua kuacha. Mama yao hakukijua hata kidogo, kwa hiyo miaka yote hiyo alikula jikoni, peke yake.

Binti alikuwa mchora mabango ya maduka. Herufi zilimpa ugali wa kila siku, lakini za Kiswahili. Za Kiingereza ndizo zilizomfukuza kwao. Mwaka alioanguka mtihani, baba alimsimamisha sebuleni mbele ya wageni, akazisoma alama zake kwa sauti, kisha akatamka neno moja tu: "Shame." Kesho yake akahama. Alipoolewa, mzee hakukanyaga.

Sasa alikuwa amekuja kumuuguza, na leo ilikuwa siku ya tano. Alikuwa amejiapia kimoyomoyo: akipata neno moja jema kutoka kwa baba yake, atabaki naye mpaka mwisho. Asipolipata, basi la saa sita litamchukua leo leo, na hatarudi hata kwa mazishi.

Mama alikuwa ameshapita na kitambaa chake, kama kila asubuhi. Meza ilisuguliwa kuliko uchafu uliokuwepo ulivyohitaji, na kikombe cha mzee kiliwekwa kwa kishindo hata chai ikajaa kwenye kisosi. Kwa yule mama, watu walisema, uuguzaji ni kazi ya mikono tu.

"Mean," binti alianza. "Name. Seen."

Mzee alitikisa kichwa. Alitikisa tena, kwa hasira, akigongagonga meza.

"Haya, tuulize mashine." Binti alitoa simu, akafungua ule ukurasa unaokutafutia maneno, akaandika herufi zote nane. Neno la kuzimaliza zote halikupatikana. Ikashuka orodha ndefu ya maneno mafupi, naye akaifuata kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, mpaka kidole kikasimama chenyewe.

Shame.

Damu ikamchemka. Siku tano amemwogesha, amemlisha kwa kijiko, amemfuta udenda, kumbe siku zote tano mzee alikuwa anamtafutia njia ya kumrudishia tusi lilelile! Alivichukua vibao vitano, akavipanga mbele yake, kimoja kimoja, akivigongesha.

"Ndilo hili, Baba? Sema ndilo!"

Mzee alinguruma. Mkono wa kushoto ulinyooka, ukaichomoa H ukaisogeza mbali. Likabaki "same".

"Same? Yaani mimi ni yuleyule?" Binti alicheka kicheko kibaya. "Mdomo umekwenda upande, na bado unanisahihisha!"

Jicho moja la mzee lilitiririka machozi. Daktari alikuwa amesema jicho lile litakuwa linavuja lenyewe, kwa hiyo binti hakulihesabu. Mkono ulikuwa unaitafuta N. Binti alimwahi, akavipiga vibao vyote kofi moja, vikatawanyika sakafuni.

Chumbani alitupia nguo begini bila kuzikunja. La kuvunda halina ubani, alijiambia, na aliyezaliwa na jiwe asitafute maziwa. Alipotoka na begi begani, alimkuta mama yake amepiga magoti chini ya meza, anaokota vibao.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwangu. Huyu mume wako hana deni tena na mimi wala mimi na yeye. Siku tano nzima ananiandikia aibu!"

"Aibu?" Mama aliinuka taratibu, vibao kiganjani. "Ameandika wapi?"

"Hapo! Kwa Kiingereza chake!"

Mama alimtazama mumewe. Kisha akafanya jambo ambalo binti hakuwahi kumwona akilifanya maisha yake yote: alivuta kiti, akaketi kwenye ile meza. Kusoma alijifunza ukubwani, kwa siri, na hadi leo hakuweza kusoma bila kufuatisha kidole. Alivipanga vibao kwa mstari, polepole, bila kusita hata kwa kimoja, kama mtu aliyeuona mstari ule mara nyingi. Mzee alifumba macho.

Kidole cha mama kilitembea juu ya herufi.

"Ni-sa-me-he," alisoma.

Begi lilimteleza binti begani. Mama alikuwa bado ameshika kitambaa cha kufutia meza, amekifumbata ngumini.

"Analipanga kila asubuhi nikimletea chai," alisema, "na kila asubuhi nalivuruga kabla hujaamka. Nilidhani ananiambia mimi."